Meza ya Fundi Nguo

Tarehe 4 Mei

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi zangu mimi mama yako. Hujambo? Unakula? Unalala? Sisi hapa hatujambo. Bibi yako hajambo, ila masikio ndiyo hayo, ukimwamkia anakujibu habari za chumvi. Dada yako hajambo, anasema ulimwahidi viatu na hajasahau. Mapacha wake hawajambo, wameng'oka jino la mbele wote wawili siku moja, mmoja kwa kuanguka na mwenziwe kwa wivu. Mjomba wako seremala hajambo, anakohoa kidogo tu, vumbi la mbao. Paka naye hajambo. Baba yako hajambo kiasi chake. Mkono wa kushoto bado umelala tangu alipougua. Asubuhi anakaa kwenye kiti karibu na meza yake ya kukatia nguo, haifanyii kitu, anaiangalia tu. Hakukutaja. Lakini nilipofungua barua yako alizima redio.

Nimeisoma mwenyewe polepole, sikumpa mtu. Simu ya dada yako mimi siipendi, maneno yanaisha kabla sijaanza, halafu nyumba nzima inasikia. Umesema mwezi wa nane majumba matatu ya sanaa huko mjini yatafungua maonyesho wiki moja. La kwanza picha za mapaa ya nyumba, la pili vyungu visivyo na midomo, na la tatu ndilo lenu, la vifaa vya kazi za watu. Mwanangu, chungu kisicho na mdomo utakipikia nini? Haya, nyie ndio mnajua.

Nimefurahi wamekupa nafasi, moyo umejaa. Lakini hili la kutaka meza ya baba yako limeninyima usingizi. Kwani huko huna meza? Unalia wapi chakula? Na nitamwambiaje? Unajua tangu ulipoacha cherehani ukashika brashi ya rangi hajalitamka jina lako. Nieleze vizuri nijue pa kuanzia.

Ni mimi mama yako.


Tarehe 15 Mei

Mama yangu, shikamoo. Mfikishie baba shikamoo yangu hata kama haitiki. Bibi mpigie kelele kwa niaba yangu, na mapacha waambie wasing'oe mengine.

Meza ninayo, mama, usiwe na wasiwasi, na chakula nakula. Ile ya baba siitaki ya kulia. Mwenye jumba la sanaa amenipa ukuta mmoja mzima, mweupe. Nataka tuutoe ubao wa juu wa meza, tuusimamishe pale peke yake, na taa iumulike. Mtu akiingia aione meza ambayo fundi mmoja amesimama mbele yake maisha yake yote. Gari lao linazunguka kukusanya vitu, litapita kwenu mwezi ujao.

Lakini sitaki itoke kimyakimya. Nataka baba aniruhusu kwa mdomo wake. Mama, anaamini niliikimbia kazi yake kwa kuidharau. Sikuidharau hata siku moja. Nimeshindwa kumwambia kwa maneno, labda ukuta huu utamwambia. Akikataa, basi, sitaweka kitu kingine.

Mwanao.


Tarehe 29 Mei

Mwanangu mpendwa,

Salamu sana. Wote hatujambo, wale uliowasalimia wamepokea, bibi yako amejibu kwamba mvua itanyesha.

Amekubali! Nimeanza na hilo maana ningelichelewesha ningepasuka. Nilimpelekea chai, nikakaa. Nikasema, "Baba watoto, mwanao anaiomba meza." Akapuliza chai. Nikasema, "Anataka watu wa mjini waione." Akaongeza sukari. Nikasema, "Anasema hajawahi kuidharau kazi yako." Akakoroga chai hata sukari ikachoka. Ndipo akasema, "Mwambie aichukue." Nikakimbilia jikoni nikalia kwenye aproni, dada yako akadhani kuna msiba.

Sasa nikaiangalia ile meza. Mwanangu, ilikuwa inatia aibu. Imekatwakatwa, imetobolewa na kile kigurudumu chenye meno cha kuhamishia mistari kwenye kitambaa, chaki imeingia kwenye nyufa haitoki hata kwa maji ya moto. Nikasema hapana, ukuta mweupe na taa juu yake, halafu kitu cha nyumba yangu kiende na uso haujanawa? Nikamwita mjomba wako. Ameipiga randa siku nzima, akaziba matundu yote, akapiga msasa, akapaka vanishi mara mbili. Amekataa malipo, "Ni kwa mpwa wangu," anasema. Inang'aa hata unajiona meno! Paka amepanda akateleza, sasa anaizunguka.

Baba yako randa ilipoanza alitoka nje, akakaa uani hadi mwisho. Nadhani ni uchungu wa kuagana nayo. Niandikie umefurahi kiasi gani.

Ni mimi mama yako.


Tarehe 17 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo, lakini wewe hujajibu. Unaumwa? Kama unaumwa sema, dada yako atakuja hata kesho.

Gari lilikuja. Dereva kijana mpole, amejaza vitu nyuma, pasi za mkaa, nyundo, kiti cha kinyozi, vyote vichafu hivyo hivyo, nikajisemea wenzetu hawana mama. Nikamwonyesha meza kwa fahari. Akaiangalia, akaangalia karatasi yake, akanitazama mimi, akaenda kando kupiga simu. Aliporudi akasema, "Mama, ngoja kwanza," akaondoka bila meza. Hata chai hakumaliza. Dada yako naye ameanza kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa, na akiwa hivyo huwa kuna jambo analijua.

Mwanangu, nimekosea nini? Niambie mimi mama yako, usiogope kuniumiza. Kimya chako ndicho kinachoniumiza.

Mama yako.


Tarehe 26 Juni

Mama yangu, shikamoo. Siumwi. Nisamehe, nilianza barua nyingi nikazichana. Dada nilimweleza kwa simu, nikamwomba asikwambie.

Kosa si lako, mama. Sikueleza. Nilichotaka watu wakione ni hayo uliyoyaona ya aibu. Yale matundu, ile mikato, ile chaki. Ile ndiyo kazi ya baba, imebaki pale baada ya nguo zote kwenda na wenyewe. Pale ukingoni alipokuwa akikata kola, alikata mahali pamoja mara nyingi hata pakawa na mfereji, na mimi nikiwa mdogo kidole changu kilikuwa kinalala humo wakati nimemshikia kitambaa. Nilidhani kila mtu nyumbani anauona.

Mjomba msimwambie, alifanya kwa moyo. Nitamwambia mwenye jumba ukuta ampe mtu mwingine. Naomba tu jambo moja. Baba asijue kwamba alinipa kitu nikakipoteza.

Mwanao.


Tarehe 5 Julai

Mwanangu,

Salamu utazisoma mwishoni. Nimemsomea baba yako barua yako. Ulinikataza, najua, nigombeze ukifika.

Nilisoma hadi pale kwenye mfereji wa kola. Akaninyamazisha kwa mkono. "Alikuwa anauona?" Nikasema ndiyo kama alivyoandika. "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Mimi nilidhani anataka meza nzuri ya kuwaringishia wenzake. Nikasema acha wainyoe, kama ndiyo itamfanya asinionee haya." Kumbe uani siku ile alikuwa anaisikiliza randa ikiifuta kazi yake! Nilimuuliza mbona hukusema. Akaniuliza mbona na wewe hukuuliza. Tukatazamana kama watu wawili waliomwaga mchuzi mmoja.

Basi jana akasema nimletee mkasi. Akatandika kitambaa juu ya hiyo vanishi, kikateleza, maana mkono wa kushoto haushiki. Nikashika mimi. "Unashika kitambaa kama unashika kuku!" Akaja dada yako, naye akafukuzwa, eti anahema sana. Mapacha hata hawakuthubutu. Mwisho akaweka mkasi chini akasema, "Mwiteni anayejua kushika." Halafu akalitaja jina lako, mwanangu. Lote, na la babu yako nyuma yake.

Anasema hiyo meza haijafa, imenyolewa tu. Anataka kukukatia shati la siku ya kufungua maonyesho, hapo hapo juu yake, na huo mkato mmoja utakaobaki kwenye ubao ndio uende nao ukutani, hata ukiwa peke yake. Ameniuliza shingo yako sasa ni namba ngapi. Nikasema sijui. Akasema, "Fundi nguo sijui shingo ya mwanangu!" akageukia ukutani.

Njoo upimwe. Mwombe huyo mwenye jumba asiutoe ukuta, mwambie mama yako amepiga magoti. Bibi, dada, mapacha, mjomba, wote hawajambo, mjomba hajui kitu.

Nijibu upesi, hata neno moja, hata kwa ile simu nisiyoipenda. Baba yako amejivika futi ya kupimia shingoni tangu jana na hataki kuivua, hata wakati wa kulala.

Ni mimi mama yako.