Chumba cha Baridi

Jumatatu, 3 Juni
Leo nimefundisha shule! Mimi, niliyeishia darasa la pili. Binti yangu kaanza kazi ya chekechea juzijuzi, bado wanamjaribu, na wiki hii somo ni wanyama wa nchi za barafu. Nikambebea boksi la pamba na picha. Nikamwona anahangaika kuwaeleza baridi watoto waliozaliwa na jasho. Nikasimama mwenyewe. Nikawaambia dubu mweupe anavyomvizia pengwini juu ya barafu, anajilaza, anasogea kwa tumbo, anamrukia — kwisha! Walinisikiliza midomo wazi. Kisha katoto kamoja kenye pengo kakasema, babu, dubu anakaa juu kabisa ya dunia, pengwini chini kabisa. Wamekutana wapi? Darasa zima likacheka. Nikageuka — binti yangu naye anacheka! Mtoto niliyemlea kwa mikono hii.

Moto ukanipanda. Nikasema nyinyi barafu mmeiona kwenye picha, mimi imenilisha. Nilikuwa mkubwa wa chumba cha baridi, pale bohari ya samaki, nikitoka ndevu zimeganda kama msumari. Ijumaa nawapeleka wote! Mtatoa moshi mdomoni bila sigara. Wakashangilia. Hata mwenye pengo. Kumbe mwalimu mkuu alikuwa mlangoni. Akauliza, kweli, mzee? Nikamwambia mimi nikisema nimesema.

Jumanne, 4 Juni
Wazazi wameshaambiwa. Masweta, kofia, soksi. Asubuhi binti kanikaangia mayai, akaniita baba yangu. Si baba tu — baba yangu. Tangu mama yake afariki sijaisikia hiyo.
Bohari sijaenda. Haraka ya nini? Wananijua.

Jumatano, 5 Juni
Hawanijui. Mlinzi, kijana ana simu sikioni, ananiuliza mzee unauza nini. Nikamwambia kamwambie mkubwa wako Bosi wa Baridi amefika. Akasema mabosi wote wako ndani, na wewe sikukuona ukitoka.

Akaja Kijiti. Huyu mimi ndiye niliyemfundisha kubeba kreti! Siku hizi tumbo linatangulia, yeye anafuata. Ndiye msimamizi. Kanikumbatia, mzee wangu, mzee wangu. Nikamweleza habari ya watoto. Akaufungua ule mlango mkubwa kwa mkono mmoja. Sisi tulikuwa tunausukuma wawili, maana ulikuwa unaganda.

Joto likanipiga usoni. Magodoro! Mpaka darini, yamevishwa nailoni. Mashine waling'oa zamani, samaki wakahamishiwa mji mwingine. Nikashika ukuta. Ukuta wa moto kama chungu. Kijiti akasema walete tu mzee wangu, watalala vizuri. Akacheka peke yake. Nikamwambia mmekiua chumba changu. Nikaondoka bila kuaga.

Nyumbani binti kanipokea mlangoni. Baba, wamekubali? Nikasema wamekubali. Ningesema nini, hata viatu sijavua?

Alhamisi, 6 Juni
Nimekwenda kwa muuza nyama mwenye lile friza kubwa. Akasema atawaingiza kichwa kimoja kimoja, kwa zamu. Baridi ya kuenea darasa zima, mzee wangu, iko mochwari tu! Wateja wakaangua kicheko. Mjinga. Nyama yenyewe inanuka.

Nikapita chekechea. Watoto uwanjani, jua kali, wamevaa masweta, wanajizoeza kuwa pengwini siku ya upepo. Wanabanana duara. Wa katikati akishapata joto anatoka, wa pembeni anaingia. Jasho linawatiririka, hakuna anayetaka kuvua. Mwenye pengo akanivuta mkono. Babu, tukiganda kule ndani nani atatutoa? Nikasema mimi. Akaniamini! Juzi habari ya dubu alinikatalia mbele za watu, leo ananiamini.

Jioni nikasema basi, namwambia. Binti alikuwa anapiga pasi. Nikaanza, mwanangu, kile chumba... Akanikata. Kesho mwalimu mkuu anakuja, na mwenye shule pia anakuja, wakiridhika Jumatatu nasaini mkataba. Kazi kamili, baba! Akapindua gauni, akapiga upande wa pili. Halafu akasema, nikwambie ukweli? Nilijua utaniangusha, kama kawaida yako.

Kama kawaida yangu!

Nikamwambia hakikisha watoto wanakunywa chai kabla ya safari. Nikaja chumbani.
Kama kawaida! Nani kamsomesha? Nani alikuwa anaingia kwenye ile baridi yeye akiwa amelala? Mwache.

Ijumaa, 7 Juni
Basi limekuja kutuchukua. Naliona dirishani. Masweta mekundu, masweta ya bluu, kofia zimeshuka mpaka machoni, mmoja kavaa glovu za kushikia sufuria. Wanaimba. Mwenye shule ana kamera shingoni.

Binti kagonga. Baba, uko tayari? Nikasema navaa. Uongo. Nimekaa kitandani, shati begani, naandika. Hapa ningeweza kumwambia, mlango umefungwa, asingeniona uso wala nisingemwona wake. Kosa la Kijiti. Kosa la mwalimu mkuu, aliuliza nini? Kosa la yule mwenye pengo na dubu wake wa juu!

Kagonga tena. Sauti ya furaha, kama ya mama yake. Baba yangu, toka basi, mbele pana kiti chako. Dereva hajui njia.

Mimi naijua. Nitampitisha ile ndefu.