Ukuta wa Fundi Kombo

Kaka yangu mpendwa,

Salamu baadaye, tafuta kiti ukae kwanza! Jana mafundi walichimba sakafu ya kanisa letu ili waweke vigae. Chini ya ule ukuta uliopinda, uliompa baba jina la Fundi Kombo, wamekuta mwamba mkubwa kuliko lori! Baba hakukosea vipimo. Aliupindisha makusudi ukae juu ya mwamba. Ule wa upande wa kwaya, ulionyooka na kusifiwa miaka arobaini, una nyufa za kupitisha kidole. Wa baba hauna hata wa kupitisha unywele! Paroko alicheka mpaka akavua miwani.

"Baba, kwa nini hukusema?" nilimuuliza mzee wetu.

"Nilisema. Mlikuwa mnacheka."

Tulicheka kweli, kaka. Na siku ile unaondoka, ulimwita jina hilohilo mbele ya wageni.

Siku hizi haoni vizuri. Nilimshika mkono, akaupapasa ukuta wote, kisha akauliza jambo moja tu: "Mwanangu ameambiwa?"

Nikamjibu umeambiwa, na uko njiani. Usinifanye mwongo.

Ni mimi dada yako,
binti wa Fundi Kombo