Mwendo wa Saa Nne Kutoka Masasi

Alhamisi, 1 Machi 1906

Mbiu imepigwa leo. Jumbe ametusomea amri mpya mbele ya kibanda cha askari. Kwa kweli hakusoma, aliikariri tu. Karatasi kaishika juu chini!

Hakuna kukimbia barabarani. Mwanamume, mwanamke, mwenye mzigo, asiye na mzigo, wote watembee. Anayekimbia anapeleka habari za vita, au dawa ya maji. Akionekana anakimbia — risasi.

Na asiyeonekana atajulikana kwa saa. Ukitoka Masasi unapewa cheti, kimeandikwa saa uliyoondoka. Ukifika hapa Chiungutwa, Ombasha Hamidu, mkuu wa askari wa hapa, anatazama saa yake ya mfukoni. Mwendo ni saa nne. Ukifika kabla ya hapo, ulikimbia. Kiboko, hamsa ishirini, yaani ishirini na tano. Mara ya pili ni mnyororo mpaka Lindi.

Ombasha anajua kusoma saa, herufi hajui. Na karani wa Masasi anaandika kwa maneno. Ombasha akauliza nani hapa kasoma. Vidole vyote vikanielekea mimi! Mwanangu Cyril mgongoni, nywele sijachana.

Kazi yangu kusoma vyeti kwa sauti na kuandika daftari. Ujira kibaba cha chumvi kwa juma. Nimekubali. Chumvi ilituishia tangu Krismasi.

Jumamosi, 3 Machi

Mume wangu Danieli amerudi kutoka Masasi. Wanaezeka upya kanisa lililochomwa. Mikono yote makovu ya kamba.

Nilikuwa na hofu naye. Miguu yake ile! Akitembea tu, mwingine lazima akimbie. Lakini alifika saa nne kamili, wala hakutoka jasho. Nikamwuliza usiku huu. Akacheka. Anasema kila mtu anakwenda mwendo wake wa kawaida, halafu pale mtoni, chini ya kilima, wanakaa. Wanaosha miguu, wanavuta tumbaku, wanabishana. Mwenye macho mazuri anapima kivuli. Saa ikikaribia wanapanda mmoja mmoja, wanavuta miguu kama wagonjwa.

Nilisema, Ombasha akijua? Anajua, anasema Danieli. Ameshawaona. Alisema serikali inataka saa, haitaki safari.

Jumanne, 6 Machi

Kurwa, jirani yetu, ametoka Newala. Kule juu njiani msimamizi wa akida hana saa. Anaweka mkono kifuani mwa mtu, anasikiliza moyo. Tena anamwambia imba. Ukimaliza mstari mmoja bila kukata pumzi, pita. Kurwa anasema aliimba mistari mitatu, yule bwana akamwomba aongeze!

Tulicheka sana. Kisha akashusha sauti. Njia ndogo ya Lisekese haina mtu, haina cheti. Lakini askari wakikukuta huko hawaulizi. Juma lililopita walimkuta mzee na kapu la mtama. Kapu limerudi. Mzee hajarudi.

Barabara moja saa, moja wimbo, moja risasi. Na watu ni walewale.

Jumatano, 7 Machi

Sijisikii kuandika.

Nurdini, mume wa Sikuzani, alifika saa moja kabla. Mvua ilikuwa nyuma yake, ana unga kichwani, akaogopa utalowa. Hakukaa mtoni. Alinipa cheti, akanitazama. Alinitazama tu.

Nikasoma kilichoandikwa.

Nilihesabu viboko mpaka tisa, nikaziba masikio ya Cyril, kisha yangu.

Jioni nilimkuta Sikuzani kisimani. Yeye mkubwa kwangu. Nikasema shikamoo dada. Akajaza mtungi. Akajitwika. Wanawake wengine wakasogeza mitungi yao. Mmoja akasema kwa nyuma: karani wa kiboko huyo, mpisheni.

Ningefanya nini? Tulifundishwa, usimshuhudie jirani yako uongo. Nilisema kweli. Kweli ni kweli.

Unga wenyewe ulilowa.

Ijumaa, 16 Machi

Cyril ana homa tangu juzi. Leo mchana amepata degedege. Macho juu, meno yameumana. Nimempaka, nimemfukiza, nimesali. Imepita, kisha imerudi.

Nimemtuma Kurwa kwa Danieli huko Masasi, kwamba aombe kwinini, dawa ya homa, kwa padre. Nilimwandikia cheti mwenyewe. Nikamwambia: nenda kwa miguu yako yote, baba, lakini usikimbie. Akasema, Mama Cyril, miguu yangu nitaibeba, lakini moyo utatangulia.

Atafika jua linazama. Usiku barabara imefungwa. Basi Danieli atoke kesho asubuhi, akishapata dawa na cheti. Nahesabu tena na tena, hata akiwahi kutoka. Saa mbili na nusu. Na saa nne. Adhuhuri imepita.

Mungu wangu, mtoto anapumua kama ndege aliyeshikwa mkononi.

Jumamosi, 17 Machi

Niandike yote, maana nisipoyaandika yatanizunguka usiku kucha.

Ombasha alikataa kuniruhusu nikae nyumbani. Nikaenda na Cyril mgongoni, wa moto kama chungu. Sikuzani alikuwa pale, amekaa chini, anamngoja mdogo wake Fatu atoke Masasi. Hakunitazama. Alimtazama mtoto.

Degedege ikamshika palepale. Nikamshusha mkekani. Sikuzani aliinuka nusu, akakaa tena.

Nikainua macho, namwona Danieli anapanda kutoka mtoni. Peke yake. Hakukaa. Watu wamekaa kule chini wote, yeye kawapita. Hakukimbia, hapana, alitembea. Lakini kutembea kule! Shati limeganda mwilini. Kitambaa cha dawa kakiuma kwa meno.

Ombasha akatoa saa. Saa tano na nusu, akasema. Lete cheti, soma, mama.

Nikakifungua. Jasho limekula wino, umetapakaa. Lakini mimi mwandiko wa karani yule naujua. Saa mbili na nusu. Amekuja kwa saa tatu.

Nilisikia sauti yangu. Saa moja na nusu, Bwana Ombasha.

Akahesabu kwa vidole. Nne, akasema. Sawasawa. Mtu huyu ana jasho sana. Akakitundika msumarini. Nikaandika daftarini: saa moja na nusu. Mwandiko umenyooka kama siku zote. Hilo linanitisha kuliko yote.

Tukampa dawa palepale, nusu kaitema, nikamrudishia kwa kidole.

Wale wa mtoni wakafika saa nzima baadaye, na Fatu kati yao. Nikasoma cheti chake. Saa mbili na nusu. Wino safi. Fatu akamtazama Danieli, akasema, shemeji, wewe si tulitoka pamoja? Alisema kwa wema, kama mtu anayesalimu! Ombasha alikuwa anamfokea mpagazi, sijui kama alisikia.

Sikuzani alisikia. Alisimama, akakung'uta kanga yake, akamshika mdogo wake mkono, wakaenda.

Jumapili, 18 Machi

Homa imeshuka alfajiri. Amenyonya mara mbili. Amecheka na kidole chake mwenyewe. Ahsante Mungu, ahsante, ahsante.

Danieli kalala kama gogo. Nikachukua nusu ya chumvi yangu, nikaenda kwa Nurdini.

Yupo barazani, ameketi upande, bado hawezi kuegemea. Akasema: karibu Mama Cyril, nasikia saa yako siku hizi inarudi nyuma. Nilipiga magoti kwa Sikuzani, nikasema nimekosa. Nisingemsoma Nurdini vile kama ningejua.

Akasema, ulijua. Ulijua ni kiboko. Ulichokuwa hujui ni kwamba kitakuja kwako. Mume wako ana mgongo, wangu ana nini?

Chumvi hakuigusa. Fatu alikuwa anatwanga, akaacha kutwanga, akaendelea.

Mchana nikaambiwa Luteni anakuja kesho na karani wake. Atalinganisha vyeti na daftari.

Jumatatu, 19 Machi

Amekuja. Tangu asubuhi wapo kibandani.

Ombasha mwenyewe kaja kunieleza, amesimama mlangoni, uso umemshuka. Cheti cha Danieli hakisomeki. Karani anasema huenda ni mbili, huenda ni moja. Daftari linasema moja. Luteni anataka mtu aliyetoka Masasi asubuhi ile, aseme Danieli aliondoka saa ngapi. Vyeti vya siku ile vimetazamwa. Wa jina linalojulikana hapa ni Fatu.

Akasema pia, polepole: mama, kama umenidanganya, na mimi nitavuliwa mikanda na cheo. Sikujua kwamba na mtu huyu nimemtia hatarini. Sikumfikiria hata kidogo.

Kama Fatu atasema saa mbili na nusu, Danieli atapigwa kwa kukimbia. Na mimi, kwa daftari, sijui. Mnyororo labda. Na huyu anyonye kwa nani?

Danieli anataka tuondoke kwa njia ya Lisekese, sasa hivi, tukatokee Ruvuma. Nimekataa. Nimemwambia, huko hakuna anayeuliza saa, lakini hakuna anayeuliza jina pia. Tutakaa. Kanitazama kwa hasira. Kisha akakaa.

Nilifikiri kwenda kumsihi Fatu. Nimefika mpaka mlangoni, nikarudi. Nimemsemea mume wangu uongo mmoja. Wa pili siwezi kumtia mtoto wa watu kinywani. Akiusema, auseme mwenyewe.

Baadaye kidogo —

Sikuzani kaja. Bila hodi. Fatu nyuma yake, kajitanda kanga mpya kama mtu anayekwenda harusini, na askari amesimama njiani anatungoja sote atupeleke kibandani.

Nikasema shikamoo. Sikuzani akanyosha mikono. Akasema: mtoto asiende kule. Nipe mimi. Nikashindwa kumwachia, mikono imekataa. Akaniuliza, amenyonya? Nikasema bado.

"Mnyonyeshe kwanza," akasema. "Wenye saa ni wao. Wangoje."

Akakaa mkekani karibu yangu, goti lake limegusa langu. Nikamwuliza Fatu, utasema nini, mdogo wangu? Fatu akamtazama dada yake. Sikuzani akamtazama Cyril.

Askari ameita mara ya pili. Danieli ametoka kumjibu. Ninaandika kwa mkono mmoja, huyu ananyonya, ana njaa ya siku tatu, hana haraka. Namwona Fatu mlangoni, ameshatangulia barabarani. Anatembea polepole, polepole kabisa, anavuta miguu kama wale wa mtoni, na askari nyuma yake.