Filamu ya Chimène ya kupata cheti

Malaika, kaa chini kwanza.

Chimène wetu, bingwa wa video wa Kasongo yote! Leo wameonyesha filamu yake ya kupata cheti: ndoa ya binti ya Faradji, mwalimu wao wa video. Mwalimu mwenyewe ameketi mbele na bibi yake.

Bibi harusi? Haonekani!! Eti Chimène, akitaka kurekodi, anafinya kifungo mara mbili "ili ishike muzuri". Inawaka, inazimika. Akimaliza anafinya mara moja, ndiyo inaanza.

Tukaona viatu vyake. Viatu, Malaika! Na sauti yake akitafuna wali: "Huyu Faradji hajui kitu, hata kamera anaiogopa."

Faradji akasimama pole pole: "Picha ni zero. Lakini sauti iko safi sana. Turudilie, kila mutu asikie."