Kipimo cha Kila Mama

Jumanne, 6 Machi 2001

Nimetoka kliniki. Mtoto yupo, moyo unadunda, nimeusikia kwa masikio yangu! Thadei aliomba ruhusa kazini, kwenye ghala la mizigo la uwanja wa ndege, akanisindikiza. Kavaa tai. Tai, kwenda kupimisha mkojo wa mkewe!

Mkunga anaitwa Geeta, Mhindi wa makamo, mpole, Kiingereza chake cha haraka. Akataja vipimo vya damu: kundi la damu, kaswende, homa ya ini, HIV. Kama anayetaja vyakula hotelini. Nikamuuliza HIV ya nini, kwani nimefanya nini? Akasema siku hizi kila mama mjamzito anaulizwa — mweusi, mweupe, mke wa daktari. Ikijulikana mapema kuna dawa, na mtoto anaweza kuzaliwa salama. Na ukitaka kukataa, kataa.

Thadei akatabasamu, utadhani anasifia mapazia, akaniambia kwa Kiswahili: "Mwambie hapana. Kikitoka kitu, Watanzania wote wa Hounslow watajua kabla hatujafika nyumbani."

Ndivyo tunavyoishi hapa ugenini, kwa Waingereza. Kwenye basi, benki, dukani — Kiswahili ndicho chumba chetu cha ndani. Watu tunawasengenya mbele yao, huku tunawachekea.

Nikamwambia Geeta nitafikiria. Nikaenda chooni na kichupa changu. Niliporudi, Thadei alikuwa anamaliza kuongea na simu, kwa Kiswahili, na Geeta kashika kalamu, haandiki.

Alhamisi, 8 Machi

Swali halinitoki. Ni kila mama kweli, au ni sisi tu? Nikamuuliza Chancelle, yule Mkongomani tunayetunza naye wazee. Amejifungua mwaka jana. Akacheka! Kumbe naye alidhani wanampima kwa sababu ya Kongo, mpaka alipomuuliza jirani yake Mwingereza. Jirani naye kapimwa. "Weye pima tu, mama," kaniambia. "Majibu ni yako, si ya kanisa."

Nikamsimulia Thadei. Akasema Chancelle ana mdomo. Akazima TV, akaenda kuoga. Alikuwa ameshaoga.

Jumanne, 13 Machi

Nimekwenda peke yangu. Thadei anajua niko kazini. Nikamwambia Geeta: nipime, hicho cha HIV pia.

Akafunga mlango. Akasema — kwa Kiswahili! — "Kaa vizuri, mama. Kunja ngumi."

Nusura nianguke. Kiswahili cha pwani kabisa, kinanishinda mimi wa Bukoba. Kazaliwa Tanga, baba yake alikuwa na duka la vitambaa, wakahamia huku yeye akiwa msichana. Akaniomba radhi. Alitaka kutuamkia siku ile, lakini Thadei akamuwahi, na akishasema vile angeanzia wapi? Aliona haya.

Aibu yangu mimi je! Lakini mimi na udadisi wangu, aibu haikukaa. Nikamuuliza: na kwenye simu, nilipokuwa chooni, mume wangu alisema nini?

Sindano bado iko mkononi mwangu.

"Ya mumeo ni ya mumeo," akasema. "Siwezi kuyatoa mdomoni mwake nikakupa wewe. Na yako sitampa yeye."

Nikambembeleza. Nikamwambia mimi ni mkewe wa ndoa, ya kanisani. Nikajaribu hata kulia kidogo. Wapi! Sijaona mtu anayeikalia siri namna ile. Ingekuwa sisi, jioni hii ingekuwa imeshafika Walthamstow, upande wa pili wa jiji.

Nilitoka nimenuna. Kwenye basi nikafikiri: basi na yangu ataikalia hivyo hivyo. Nikatulia kidogo.

Lakini kipo kitu. Kisingekuwepo, si angesema hakipo?

Jumamosi, 17 Machi

Thadei anapika pilau, anaimba. Namtazama mgongo. Naogopa. Namuombea mtoto, na katikati ya sala najikuta nauliza: alikuwa anaongea na nani?

Jumanne, 20 Machi

SINA! Geeta kaniambia hata sijakaa. Nimelia mpaka kamasi. Mtoto wangu jamani!

Halafu akasema turudie baada ya miezi mitatu. Nikamuuliza kama kila mama anarudia. Akawa ananyoosha shuka la kitandani, shuka lenyewe limenyooka. "Baadhi," akasema.

Baadhi!

Thadei karudi mchana, alikuwa na shifti ya asubuhi. Nikamwambia hapo hapo mlangoni: nilipima, sina. Nilijiandaa kwa ugomvi. Akapiga magoti jikoni, na mabuti yake ya kazi. Akauliza kama wana uhakika. Nikasema ndiyo. Akauliza tena. Na tena. Kisha akasimama, akajifuta uso. "Basi na mimi nimepona. Tumeshapima."

Tumeshapima! Nikamwambia hapana, baba, damu yangu haikusemei wewe. Geeta kasema kila mtu na yake.

"Yule Mhindi? Anajua nini yule?"

"Anajua Kiswahili."

Akacheka. Kicheko kikaishia njiani. "Tangu lini?"

"Tangu Tanga. Kazaliwa huko."

Nilimwona anavyorudi nyuma, kichwani, mpaka kile chumba cha kliniki. Akavuta kiti. "Ile simu... aliisikia?"

"Aliisikia."

"Yote?"

"Yote," nikasema. Ni kweli aliisikia. Sikumwambia kwamba mimi sijui hata neno moja.

Kaomba maji, kanywa, kaomba mengine. Nimekimbilia chumbani mara moja, naandika nimesimama. Ananiita. Anasema nije nikae, kwa kuwa nimeshajua, bora basi nisikie na kwa mdomo wake.