Karatasi ya Baba na Mchakamchaka wa Jioni

Ijumaa, 6 Novemba 1981

Maji nimechota. Maharage yako jikoni. Kuku nimewafungia. Sasa niandike jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mdogo wangu Paskalina ninayelala naye kitanda kimoja.

Leo nimemsomea Baba uongo.

Alirudi alasiri kutoka Karatu kwa daktari. Ana presha. Daktari huwaandikia maagizo wagonjwa wasiojua kusoma, ili mtu wa nyumbani awasomee. Hapa kwetu mtu huyo ni mimi, nimemaliza darasa la saba juzi tu. Baba alivua kofia, akakaa, akanipa karatasi kwa mikono miwili. Mama aliacha kukoroga ugali. Wote wakanitazama.

Karatasi inasema: Unaendelea vizuri. Kidonge kimoja kila asubuhi. Endelea kukimbia polepole kila jioni pamoja na watu wa nyumbani. Usiache.

Mimi nilisoma: Unaendelea vizuri. Kidonge kimoja kila asubuhi. Kukimbia sasa basi. Pumzika.

Sauti yangu haikutetemeka. Darasani ilikuwa inatetemeka hata nikitaja jina langu.

Nimefanya hivyo kwa aibu. Sina sababu nyingine. Daftari, usimwambie mtu.

Jumamosi, 7 Novemba

Jioni ya kwanza bila kukimbia. Saa kumi na moja Paskalina alikuwa tayari uwanjani, gauni kalifunga kiunoni. Baba akamwambia, "Leo hapana, mama. Karatasi imekataa."

Paskalina alilia. Nilikwenda kukata majani ya ng'ombe nisimsikie.

Ilianza Septemba. Baba anaendesha trekta kwenye mashamba ya ngano, anakaa kutwa nzima. Daktari akamwambia atembee na akimbie mpaka atoke jasho. Baba akasema peke yake atachoka siku ya pili. Akaniuliza, asubuhi shuleni mnakimbiaje? Nikamweleza mchakamchaka, mmoja anatangulia akiimba, wengine wanaitikia. Baba hakusoma hata siku moja. Alicheka sana. "Basi shule yangu ndiyo hii. Wewe ndiye kiranja."

Tukawa tunakwenda wanne mpaka kwenye mikaratusi ya kilimani na kurudi. Mimi kuimbisha kulinishinda, sauti haitoki. Baba akaimbisha mwenyewe maneno ya kubuni.

"Chumvi!"

"Hatuitaki!"

"Mafuta!"

"Hatuyataki!"

"Mama Vero!"

Hapo Mama anaitikia peke yake, "Humpati ng'o!" Anakaza kanga, anampita.

Anayefika wa mwisho anaosha sufuria. Baba ameosha mara nne. Nje, mahali ambapo wanaume wenzake wanapita. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Na mimi nilicheka. Lazima niandike ukweli. Nilikuwa nafurahi.

Mpaka Jumatano iliyopita kwenye mashine ya kusaga. Agripina, tuliyekaa dawati moja, akapaza sauti mbele ya wote: "Mchakamchaka huyooo! Vero, jana baba kaosha sufuria ngapi?" Wakacheka wote, hata mwenye mashine. Nilirudi na unga umekaa vibaya kichwani, sikusimama kuurekebisha.

Ni hilo tu. Nikiliandika naliona dogo.

Jumatano, 11 Novemba

Ukungu kutoka msitu wa Ngorongoro haukuondoka mpaka saa nne. Baba hakwenda kazini. Alinipeleka shambani, mimi peke yangu, akanionyesha mpaka wetu. Jiwe hili, kisha mfereji, kisha mti ule. "Wewe unajua kuandika. Andika." Nimeandika. Ng'ombe mwenye doa ni wa Paskalina. Mbegu ya mahindi iko kwenye debe la juu, siyo la chini.

Sijui kwa nini anayasema haya sasa. Hana hasira. Hacheki tu.

Jumamosi, 14 Novemba

Mashine tena. Foleni ndefu. Agripina alinisogelea. Nilijiandaa kwa maneno yake.

"Mbona siku hizi hampiti? Bibi anauliza kila jioni. Anatoa kigoda nje kuwasubiri."

Nikamwambia, si mlikuwa mnatucheka.

"Tulikucheka ndiyo. Baba yangu mimi anakimbia akiona nyuki tu." Kisha akatazama gunia lake. "Nilitaka nikuombe niwe nakuja."

Nimekuwa mjinga. Nilimnyang'anya Baba jioni zake kwa ajili ya kicheko ambacho hata Agripina mwenyewe hakukithamini.

Kesho nitasema.

Jumapili, 15 Novemba

Sikusema.

Kanisani nilipanga maneno. Baada ya chakula nikapanga mengine. Jioni Baba alikaa kwenye kigoda chake, akiitazama mikaratusi. Nilisimama nyuma yake nikahesabu mpaka mia. Akasema bila kugeuka, "Vero, ni wewe?" Nikasema ndiyo. Akasubiri. Nikasema nakwenda kufunga kuku.

Nachukia woga wangu.

Alhamisi, 19 Novemba

Baba ameanguka.

Asubuhi, akipanda trekta. Mkono wa kulia na mguu wa kulia havimtii. Mdomo umekwenda upande. Wenzake walimpakia kwenye lori la ngano, wakapita hapa wakienda hospitali Karatu. Mama alipanda naye na kanga aliyokuwa akipikia, viatu hakuvaa. Nimebaki na Paskalina.

Ni mimi.

Ijumaa, 20 Novemba

Paskalina anauliza kama Baba atakufa. Nimemwambia hapana. Sijui kama huo nao ni uongo.

Jumamosi, 21 Novemba

Mama alirudi kuchukua nguo na uji. Macho mekundu. Akasema nimtafutie ile karatasi kwenye sanduku, daktari aisome tena, amweleze imekuwaje mtu aambiwe apumzike halafu aanguke.

Niliikuta mara moja, katikati ya vyeti vya ubatizo. Nikaiweka ndani ya daftari hili. Nikamwambia sijaiona.

Mama akatoa vyote, kimoja kimoja, juu ya kitanda. Hajui kusoma lakini aligeuza kila karatasi, pande zote mbili. Nilisimama namtazama. Kuni ziko. Moto uko. Ningeweza kuichoma na hakuna ambaye angejua.

Sikuichoma. Kesho ni zamu yangu kwenda. Ninakwenda nayo.

Jumapili, 22 Novemba

Nimesema.

Mama alikuwa nje ya wodi anafua. Baba alikuwa amelala ubavu. Nilitoa karatasi nikamsomea yote, kama ilivyoandikwa. Nikasema ile siku nilisoma uongo. Nikasema sababu. Nilidhani nitalia, sikulia.

Maneno yake sasa yanatoka polepole, kama mtu anayetafuna kitu. Nayaandika yote nisiyasahau.

Kumbe daktari alikuwa amemwambia kwa mdomo, siku ileile, endelea kukimbia. Baba alikuja nyumbani akijua. Niliposoma pumzika, hakunidhania mimi. Alidhani daktari ameona jambo baya, akashindwa kumwambia usoni, akaliandika ili asomewe na mtoto wake. Maana maneno ya mdomo mtu anaweza kukuambia ya kukufariji, yaliyoandikwa ndiyo ya kweli. Ndivyo alivyofikiri. Akaona siku zake zimekwisha. Akanionyesha mpaka. Akagawa ng'ombe. Vidonge akaacha, vya nini tena. Hakumwambia Mama. Siku kumi na tatu alikaa na kifo peke yake pale kwenye kigoda, na mimi nikifunga kuku.

Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo... sikuwa nakufa?"

Nikasema, "Hapana, Baba. Umeandikiwa unaendelea vizuri."

"Soma tena hapo."

Nikasoma tena. Akanifanya nisome mara tatu. Machozi yalimtoka jicho moja tu, lile la upande mzima. Sijawahi kumwona Baba akilia.

Angenipiga ningeshukuru. Alinishika kidole kwa mkono wa kushoto. Akasema, "Mama yako asijue. Hilo la karatasi, wala hili la machozi."

Jumanne, 24 Novemba

Nilimuuliza daktari mlangoni. Kwangu hilo ni kubwa, kumsemesha mtu nisiyemjua. Nikamwambia Baba aliacha vidonge na kukimbia, ndiyo sababu? Akasema pengine, na pengine ingetokea hata hivyo, yeye hawezi kuapa. Akasema mkono utarudi kidogo. Mguu hajui. Kukimbia asahau.

Nilitaka aseme moja. Ndiyo au hapana.

Jumamosi, 12 Desemba

Baba yuko nyumbani. Majirani wengi. Mama anawasimulia kila anayeingia habari za karatasi iliyosema pumzika. Baba anatazama chini. Mimi ninagawa chai. Kila akisimulia naungua, nami siwezi kusema, kwa sababu yeye amenikataza.

Majina ya waliochaguliwa sekondari yamebandikwa. Langu halimo. Sikuumia kama nilivyotarajia. Nitakuwepo nyumbani.

Jumapili, 20 Desemba

Mvua ilinyesha asubuhi, jioni ikakatika. Saa kumi na moja Baba aligonga fimbo yake sakafuni. "Kiranja. Toka nje."

Tulitoka wanne. Agripina naye alikuwa njiani, akajiunga bila kuuliza. Mama alimshika Baba upande wa kulia. Hatukwenda kwenye mikaratusi. Tulikwenda mpaka kwa bibi yake Agripina, nyumba ya pili tu, na ilituchukua muda wote. Bibi alikuwa nje kwenye kigoda, akapiga vigelegele.

Baba sasa hawezi kuimbisha. Alinitazama, akasubiri kama alivyonisubiri siku ile. Watu walikuwa wanapita kutoka kanisani. Nikaimbisha.

"Chumvi!"

Sauti ilitoka nyembamba. Ilitoka. Wakaitikia. Nilipofika kwa Mama Vero, Mama akasema humpati ng'o, lakini hakumpita. Alibaki hapohapo, amemshika.

Wa mwisho kufika nyumbani tulikuwa mimi na Baba, nilichelewa makusudi. Tumeosha sufuria pamoja nje, yeye akishika, mimi nikisugua.

Karatasi bado iko humu, ukurasa wa nyuma. Sasa wanaojua ni watatu, Baba, mimi na wewe. Mama yuko hapa karibu anasuka nywele za Paskalina, anaimba zile za kukimbia. Tafadhali usimwambie.