Mhudumu wa Saba

Kabiria, 3 Februari 2025

Assalaam aleikum Safa mwanangu,

U mzima? Miguu yangu bado inavimba, lakini Alhamdulillahi. Nimempa jirani yetu Zaki akuletee shajara zangu, madaftari tisa, tangu 2016. Mna kila kikao nilichokaa na wahudumu wa afya wa mtaa wetu wakitoka majumbani kwa wagonjwa. Unasema utafiti wako utafanya usimamizi huu wa kuwasikiliza wahudumu uhesabiwe taaluma, si soga za chai. Hilo nimeliombea miaka mingi. Ila waliyoniambia wanawake hawa waliniambia mimi. Yasitoke.

Shangazi yako,
Mabruka

Nairobi, 6 Februari 2025

Shikamoo Shangazi,

Natumaini miguu imepoa. Madaftari yamefika. Usihofu, majina nayaondoa, kila mtu anapewa namba. Profesa wangu hakuamini kwamba yameandikwa na mtu wa kidato cha nne.

Mwanao,
Safa

Kabiria, 19 Septemba 2025

Safa, salaam.

Natumaini wewe u mzima. Jana tuliitwa ukumbini karibu na Adams Arcade kusomewa ripoti yako. Wewe hukuja. Afisa wa afya akasoma kwamba mhudumu wa saba, mama wa mapacha, alimkuta mgonjwa akikata roho, akakimbia akamwacha peke yake. Kabiria nzima, mhudumu mwenye mapacha ni nani? Vichwa vyote vilimgeukia Kamene. Nthiwa, mhudumu mwenzake, akamtania, "Kumbe wewe ni wa mbio."

Kamene hakumgeukia. Alinitazama mimi. "Dada Mabruka, uliandika?"

Nilisema niliandika.

Binti wa yule marehemu ni jirani wa Kamene, mlango kwa mlango. Toa ukurasa ule kabla bodi ya afya haijaupata. Kisha uje umwombe radhi.

Shangazi yako,
Mabruka

Nairobi, 2 Oktoba 2025

Shikamoo Shangazi,

Pole sana. Mapacha sikuwafikiria. Lakini nakala zimeshachapwa River Road, na kisa kile ndicho uti wa mgongo wa sura ya nne: alikimbia, ukakaa naye wiki sita, akarudi kazini. Bila hicho, sina ushahidi kwamba usimamizi unasaidia. Bodi imekubali. Kuanzia Januari kila kituo kitakuwa na msimamizi wa kuajiriwa, na nimekupendekeza. Kwa Kamene nitakuja mambo yakitulia.

Mwanao,
Safa

Kabiria, 22 Januari 2026

Safa,

Sijambo. Barua ya kazi imefika, na beji yenye picha.

Kamene aliacha kazi Oktoba, akahama na watoto. Nilikwenda mara mbili kabla hajaondoka, hakunifungulia. Wewe hukuja.

Vikao ni kila Jumatano, kwa fomu mliyoitunga. Kila mmoja anaketi, anasema wagonjwa wote wanaendelea vizuri, anatia sahihi. Dakika nne. Jana Wamucii alikuja kikaoni moja kwa moja kutoka nyumba alimofia mtoto mchanga. Kalamu ilimwanguka mara mbili. Nikamuuliza kuna nini. Akasema wagonjwa wote wanaendelea vizuri.

Mabruka,
Msimamizi wa Wahudumu